Tuzo ya Mama kwa Mpiga Mandolini

Nyumba za mtaa wetu kule Lewisham zimejengwa zikiegemeana, ukuta mmoja nyumba mbili, na ukuta wenyewe mwembamba hata jirani akikohoa wewe ndiye unayetafuta maji. Nilihamia pale miaka ya tisini ilipoanza. Nilikuwa msaidizi wa wauguzi hospitalini, shifti za usiku. Asubuhi narudi, navua viatu, nakunywa chai, nalala. Na saa nne kamili, usingizi ndio kwanza unanikolea, upande wa pili wa ukuta mtu anaanza kupiga mandolini.

Alikuwa mzee wa Kimarekani, mrefu, mkavu, masikio makubwa. Alikuja Uingereza na jeshi akiwa kijana, akaoa Mwingereza, Mwingereza akafa, yeye akabaki. Kwao ni milimani, na muziki wake ni wa watu wa huko milimani, wenyewe wanauita bluegrass. Alikuwa akiupiga na kuuimba kwa miaka hamsini. Hayo yote niliyajua baadaye. Wakati ule nilichokijua ni kwamba kuna mtu ananinyima usingizi, na mie nikikosa usingizi siongei vizuri na mtu. Nilikuwa nimeweka kandambili chini ya kitanda makusudi kwa ajili yake. Akianza tu, naichukua, naubamiza ukuta mara tatu. Ananyamaza dakika tano, halafu anaanza tena polepole, utasema mtu anayepita chumba chenye mtoto mchanga. Tuliishi hivyo miaka mitatu, mie na kandambili yangu, yeye na mandolini yake, na tukikutana nje tunaamkiana kwa adabu kama hapajatokea kitu.

Halafu mama akaja.

Alikuja kunitembelea, viza ya miezi sita, kutoka Unguja. Nilikuwa sijamwona miaka tisa. Niliondoka nyumbani nikimwambia miaka miwili tu, nisome, nipate kidogo, nirudi. Mwaka wa pili nikamwambia wa tatu, wa tatu nikamwambia makaratasi hayajatoka, na makaratasi yalipotoka nilikuwa nimeshazoea kusema mwakani. Yeye hakunilaumu hata siku moja. Kila nikisema mwakani, yeye hujibu haya mwanangu, na kunisomea dua. Bora angenigombeza.

Mama yangu alikuwa mtu wa taarabu. Si mwimbaji, sauti hana, mwenyewe alikuwa akicheka kwamba sauti yake hata kuku hawaijii. Yeye alikuwa mtunzaji. Asiyewahi kukaa kwenye taarabu ya kwetu huenda asielewe uzito wa neno hilo. Mwimbaji anaimba, watu wamekaa, na likija neno linalokugusa wewe, linalosema jambo lako ambalo hujamwambia mtu, unainuka. Unainuka katikati ya wimbo, si mwisho, mwisho una faida gani. Unakwenda mbele taratibu, unajitikisa kidogo, noti umeishika juu watu waione, na unampa mwimbaji mkononi. Ile pesa si malipo. Ni kumwambia mbele ya watu: hilo ulilosema ni langu. Na mwimbaji anakuinamishia kichwa, anaendelea kuimba. Mama alikuwa akienda kutunza, ukumbi mzima unageuka kumtazama, maana hakuwa akiinuka ovyo. Wapo wanaotunza kila wimbo wapate kuonyesha nguo. Mama angeweza kukaa taarabu tatu asiinuke. Siku akiinuka, watu wanauliza kulikoni.

Basi asubuhi yake ya kwanza Lewisham, saa nne, mandolini ikaanza. Mie nikaingiza mkono chini ya kitanda. Mama alikuwa amekaa pembeni anajipaka mafuta miguuni, akanishika mkono.

"Weka kandambili chini," akaniambia. "Mwache mtu amalize."

Nikaiweka. Akavuta kiti mpaka ukutani, akakaa ubavu wake umegusa ukuta, na hakuondoka mpaka saa tano. Tangu siku hiyo kile kiti kikawa hapo. Kila asubuhi anajitengenezea chai yake ya maziwa, anatia mkate kwenye kisahani, anakaa ukutani kumsikiliza yule bwana. Nami nimelala nusu, namsikia akimtolea hukumu. Huyu kafundishwa na mtu mkali, anasema. Au, leo kidole kinamuuma, msikilize, anakikwepa. Mie nilimcheka. Lakini nilipokutana na yule mzee nje siku ile, nilimwona kafunga kitambaa kwenye kidole cha pete.

Yeye ndiye aliyenifundisha kusikia. Miaka mitatu nilisikia kelele tu. Mandolini ina nyuzi nane, zimepangwa mbili mbili, na mzee alikuwa akizichapa kwa kasi mpaka mlio mmoja unatetemeka hewani haukatiki. Halafu anapoimba anaacha kuzitetemesha, anazichapa na kuzinyamazisha hapo hapo, chak, chak, chak. Mama aliniuliza, hawana ngoma watu hawa? Nikasema sijui. Akasikiliza siku mbili, kisha akaja na jibu lake: hawana haja, yeye mwenyewe ndiye ngoma. Na sauti yake ilikuwa ya juu, nyembamba, inapitia puani, sauti ya mtu anayemwita mwenziwe aliye bonde la pili. Kwa mzee wa umri ule hukuitarajia. Ilikuwa na mikwaruzo, lakini ilifika pale alipotaka ifike.

Nyimbo zenyewe mama hakuzifahamu hata neno moja. Kiingereza chake kilikuwa asante na pole. Lakini kulikuwa na wimbo mmoja, wa taratibu, ambao ukianza alikuwa akiacha kutafuna. Siku moja akaniambia nimwambie maneno yake. Nilikuwa na usingizi, nikamwambia baadaye. Akasema hapana, sasa. Nikaweka sikio ukutani, mtu mzima mie, nikatafsiri. Ni wimbo wa kijana aliyeondoka kwao mahindi yakiwa yamechipua, akamuahidi mama yake kwamba yakikomaa atakuwa amerudi. Mahindi yanavunwa, yanapandwa mengine, yanavunwa. Na yule mama kila usiku anaacha kutia komeo mlangoni, asije akarudi akakuta pamefungwa.

Mama akausikiliza mpaka ukaisha. Halafu akasema, "Huo wangu."

Nikajifanya sikusikia. Nikageukia ukutani, nikajifunika blanketi. Machozi yalinitoka na sikutaka ayaone.

Ujirani wao uliingia kwa mdomo wa bakuli. Ramadhani ilikuja mama yuko pale, akakaanga kaimati, akaniamuru nimpelekee jirani. Nikamwambia Wazungu hawana mambo hayo. Akanitazama tu. Nikapeleka. Siku ya pili yule mzee akabisha hodi, karudisha bakuli, na ndani yake mkate wa mahindi wa moto alioupika mwenyewe. Mama alifurahi wiki nzima. Mtu aliyelelewa vizuri, alisema, harudishi chombo kitupu. Wakawa wanapelekeana, hawana lugha ya kusemeshana, bakuli linakwenda na kurudi. Na siku moja limerudi na karatasi ndani. Jumapili, saa tisa mchana, ukumbi wa nyuma ya kanisa, yeye na wenzake watatu watapiga. Tunakaribishwa.

Hapo ndipo kosa langu lilipoanza. Mama aliniuliza ni taarabu? Nikasema ni kama taarabu. Nilisema hivyo kwa uvivu, na neno lile "kama" sikulifafanua. Akafua kanga yake nzuri, akaipiga pasi, akajifukiza udi mpaka kengele ya moshi ikalia jikoni. Jumapili asubuhi akaniomba noti mpya, isiyokunjwa. Nikampa ya pauni tano. Sikumuuliza ya nini, na yeye hakuona haja ya kueleza, maana kwa aliyelelewa naye nini cha kueleza?

Ukumbini kulikuwa na viti vimepangwa safu, njia katikati. Watu kama arubaini, wengi wazee, Wazungu watupu isipokuwa sisi wawili. Chai ilikuwa mezani na biskuti. Watu wamekaa mikono mapajani, anayefurahi sana anatikisa ncha ya kiatu. Yule mzee alisimama katikati, suti imepauka, kofia, mandolini kifuani chini ya kidevu. Pembeni fidla, banjo, na besi kubwa ya kusimama. Nilikuwa nimemsikia miaka mitatu kupitia ukutani na sijamwona akipiga. Sikujua kwamba hatazami vidole. Anawatazama wenziwe, anasogea mbele akitaka kuimba, anarudi nyuma kumpisha mwenye fidla, bila kusema, bila kugongana. Mama alinibana mkono. Watu hawa wana heshima, akaninong'oneza.

Kisha wakaanza wimbo ule wa mahindi.

Nilimwona mama anafungua pindo la kanga. Hata hapo sikufahamu. Nilifahamu alipokuwa ameshasimama njiani, noti juu, mabega yanajitikisa taratibu, anakwenda. Mwendo wake ule ule niliouona utotoni nikiwa nimekaa mapajani kwa shangazi. Vichwa vikageuka. Mwanamke mmoja akaweka kikombe chini. Bwana aliyekuwa akisimamia shughuli akainuka nusu, hajui akae au asimame. Na mie, niliyekuwa nimetumia miaka tisa kujifunza kutoonekana katika mji huu, kusimama foleni, kusema samahani hata nikikanyagwa mie, niliwaka uso mzima. Sikufikiri. Niliinuka mbio, nikamfikia karibu na safu ya mbele, nikamshika mkono ule wenye noti nikauteremsha.

"Mama, kaa," nikamwambia. "Hapa si kwetu. Unanitia aibu."

Hakubisha. Alinitazama, akamtazama yule mzee anayeimba, akaikunja noti, akaifunga kwenye pindo la kanga. Tukarudi kukaa. Na wimbo, wallahi, haukwisha. Yule bwana alifika mwisho wa maneno, akarudia kupiga mandolini, akazunguka, akazunguka tena, wenziwe wanamtazama, na mie nimeinamisha kichwa naomba amalize ardhi inimeze. Niliona kama ananifanyia kusudi.

Mama hakunigombeza. Kwa wiki tatu zilizobaki alikaa kwenye kiti chake ukutani kama kawaida, ila hakusema tena kidole kinamuuma au hakimuumi. Nilimtaka radhi, akasema hakuna neno mwanangu, mie ndiye mshamba. Hilo lilinichoma zaidi ya kofi. Uwanja wa ndege, mizigo imeshakwenda, akafungua pindo la kanga, akanitia ile noti mkononi.

"Mpelekee," akasema. "Na usimpe mlangoni, si muuza maziwa yule. Mpe akiwa anaimba. Wimbo ule ule."

Nikasema inshallah.

Siku zile simu ya nyumbani ilikuwa ya kadi, zile za kukwangua namba, unazinunua dukani kwa Muhindi. Kila Ijumaa nampigia. Ijumaa ya kwanza baada ya salamu tu akauliza, umempelekea? Nilikuwa sijampelekea, hata shughuli nyingine ya kupiga ukumbini hawajafanya. Lakini kadi ilikuwa inakwisha, na nilikuwa na hamu ya kumfurahisha, na neno lenyewe jepesi. Nikasema nimempelekea. Akafanyaje? akauliza. Nikasema aliinamisha kichwa. Katikati ya wimbo? Katikati ya wimbo. Ule ule? Ule ule, mama. Nikamsikia anacheka, cheko la raha, na simu ikakatika.

Uongo ukishauanza kwa mama yako hauna breki. Ijumaa nyingine alitaka kujua watu walifanyaje, nikawapigisha makofi. Nyingine alitaka kujua nilivaa nini. Nikajivika kanga, mie ambaye hata nyumbani sijatoka. Na kila nikimaliza najiambia, basi nitaifanya kweli, nitakwenda, na uongo utakuwa umekwisha wenyewe. Nilikwenda, nisijidhulumu. Nilikwenda mara mbili, noti ndani ya mkoba, moyo unanidunda kama bibi harusi. Mara zote mbili ule wimbo hakuuimba. Hata ukutani uliacha kusikika. Nikasema kauchoka, waimbaji ndivyo walivyo. Mara ya tatu nilikuwa na shifti. Baada ya hapo sikuwa na sababu, nilikuwa na woga tu. Kutembea njia ile ya katikati, mbele ya watu wale, peke yangu, nilishindwa.

Miaka ikenda. Nilihama shifti za usiku, nikawa wa mchana, lakini siku za mapumziko saa nne nilikuwa macho mwenyewe, na kiti sikukiondoa ukutani. Kandambili niliitupa. Zikatoka noti mpya za pauni tano, yangu ikawa haipokelewi dukani, ni ya kwenda kubadilisha benki. Sikuibadilisha. Na upande wa pili muziki ukaanza kupungua. Ile saa nzima ikawa nusu saa, ikawa robo. Alikuwa anakosea. Anaanza, anakwama pale pale, anarudi nyuma, anakwama. Nilikuwa nikikaa kwenye kiti cha mama namsukuma moyoni apite. Vidole vilikuwa vimemkunjamana, nilimwona akishindwa kufungua geti lake mwenyewe. Nilijua ninachotakiwa kufanya, na nilijua hakuna muda. Bado nikasema mwakani.

Mama akafa siku ya Jumatano. Kaka yangu alinipigia nikiwa kazini, na nilipopata tiketi alikuwa ameshazikwa. Nilifika siku ya tatu, nyumba imejaa wanawake. Miaka yote ile niliyosema mwakani, nilikuja kurudi yeye hayupo kunifungulia.

Wanawake wa klabu yake ya taarabu walikuwa pale wote, waliobaki. Mmoja wao, mtu mzima kuliko mama, alinikumbatia akaniambia ati kila mgeni aliyeingia nyumba ile amesimuliwa tuzo ya London. Mama alikuwa akisimama katikati ya sebule kuwaonyesha jinsi mwanawe alivyokwenda mbele, taratibu, hakukimbia, na jinsi mzee wa Kizungu alivyoinamisha kichwa. Yule bibi akanyanyuka, mgongo umepinda, akanionyesha na mie. Akainamisha kichwa hivi. Wanawake wakasema, mtoto kalelewa. Nilitoka nikaenda uani, nikashika ukuta wa kisima, nikalia mpaka nikatapika.

Niliporudi Lewisham nilimkuta jirani yangu uani kwake anaanika shuka. Nikamwambia mama amefariki. Alivua kofia, akasimama nayo kifuani, akauliza kama aliugua sana. Nikamwambia hakuugua. Tukasimama pale, ua wa mbao katikati yetu. Halafu nikamuuliza jambo ambalo ningemuuliza zamani: mbona ule wimbo wa mahindi hauimbi tena? Akavaa kofia yake. Alisema Jumapili inayokuja ndiyo ya mwisho kwake, vidole vimegoma, kwa hiyo nije nikiweza. Nikasema nitakuja.

Jumapili nilivaa kanga ya mama, ile ile, niliyopewa kwenye kugawana vitu vyake. Bado ilikuwa na harufu ya udi. Ukumbi ule ule, chai ile ile, watu wamepungua na waliobaki wamezeeka. Yeye alipiga amekaa kwenye kiti. Vipande vya haraka aliwaachia fidla na banjo, yeye akabaki na ile chak, chak yake, lakini ile ilikuwa haijakosea hata mara moja. Ukumbi mzima ulisimama juu ya mkono wake mmoja. Sauti nayo ilikuwa imeshuka, ila alipokuwa anaipandisha ilikubali, kwa tabu, inatetemeka, na mie ninakiri kwamba ilikuwa nzuri kuliko zamani. Karibu na mwisho akasema utakaofuata ni kwa ajili ya jirani yake aliyekuwa akimpelekea kaimati. Alilitamka neno kaimati vizuri, mama alimfundisha kwa kunyooshea bakuli kidole.

Ubeti wa kwanza sikuweza. Ubeti wa pili, pale mama mtu anapoacha mlango bila komeo, nikafungua pindo la kanga na nikasimama.

Najitikisa? Sijui kujitikisa. Nilitembea tu, noti juu, taratibu, kwa sababu tuzo haipelekwi mbio na kwa sababu mwanamke mmoja mzee alinionyesha sebuleni kwa mama. Vichwa viligeuka. Vikageuka, basi. Yule mzee aliniona nilipokuwa nusu ya njia. Maneno ya wimbo yalikuwa yamekwisha. Akarudia kupiga mandolini, vidole vile vilivyopinda, anakosea na hajali, anazunguka na kurudi mwanzo, anazunguka na kurudi, macho kwangu, mpaka nikafika. Mikono yake yote miwili ilikuwa kazini. Nikaitia noti kwenye mfuko wa shati lake, upande wa moyo. Akainamisha kichwa. Vile vile nilivyodanganya.

Watu walipokwenda kwenye chai alinishika mkono nikae karibu naye. Nilimweleza yote: tuzo ni nini, noti ni ya nani, ya siku gani. Alisikiliza huku mandolini iko mapajani. Akaitoa noti mfukoni, akaikunjua, akaitazama.

"Nilimwona siku ile," akasema. "Kwetu milimani, kanisani, mtu akiinuka kwenda mbele kuombewa, wimbo unaendelea, humalizi wimbo. Unauzungusha mpaka afike. Nilikuwa namsubiri. Ulipokuja ukamchukua nikadhani wimbo umemuumiza, ndiyo maana nikauacha."

Akaikunja noti akairudisha mahali nilipoitia.

"Zilibaki hatua chache tu," akasema.

"Nne," nikamwambia.